Tuwaachie mafundi zana zao, tuwanyang'anye nyundo

Fundi wa mtaani akionekana amepiga goti nyuma ya gari, mkononi ana bolti ndefu, nati mbili na vipande vya bomba alivyovikata mwenyewe, wapita njia wengi humhukumu papo hapo kwamba anabahatisha. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Kwa kazi ya kubadilisha beringi ya gurudumu la nyuma, kazi ambayo gereji za mitaani hapa Tanga zinaijua kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, zile bolti na vipande vya bomba ni zana halali kabisa, na hata mwenye gari anayezitumia uani kwake kwa kufuata kanuni anaweza kuifanya kazi ikakaa. Wa kuogopwa ni mwenye nyundo, hata kama anaipigia ndani ya gereji yenye sakafu ya vigae na kompyuta ya kupimia gari. Tumezoea kuipa gereji heshima kwa kutazama geti na sare za vijana wake. Beringi haijui imefungwa kwenye gereji gani. Inachojua ni nguvu iliyoiingiza mahali pake imepitia wapi.

Ili hoja hii ieleweke, inafaa kwanza kuitazama beringi yenyewe. Ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake zinazunguka gololi zilizotenganishwa na kizimba chembamba ili zisigongane. Kuna grisi ndani, na sili pembeni ya kuzuia maji na mchanga. Uzito wote wa kona ile ya gari, abiria na mizigo, unapita kwenye sehemu ambazo gololi zinagusana na njia yake, na kila mguso ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kwa sababu hiyo njia ile husagwa kiwandani mpaka ikang'aa kama kioo. Kifaa hiki tunakiona cha kizungu na cha kiwandani, lakini kimepitia mikononi mwa mafundi wadogo pia. Mwaka 1869, aliyejipatia hataza ya beringi za gololi kwa ajili ya baiskeli alikuwa fundi wa baiskeli wa Paris, Jules Suriray, na mwaka huohuo James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen akiwa juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Sven Wingquist, aliyeanzisha kampuni ya SKF kule Sweden mwaka 1907, alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo aliyechoshwa na beringi zilizokuwa zikifa kila mara kwenye mitambo yake. Wote wawili walianza na tatizo lililokuwa mbele ya macho yao karakanani.

Sasa tazama kinachotokea fundi anapoichukua beringi mpya na kuigonga kwa nyundo iingie kwenye nyumba yake. Pete ya nje ndiyo inayobana kwenye nyumba. Akigonga pete ya ndani, nguvu ya kila pigo inatoka pete ya ndani, inapita kwenye gololi, ndipo inafika pete ya nje. Gololi zinakuwa patasi, na zinaacha vishimo kwenye ile njia iliyong'arishwa. Vishimo hivyo ni vidogo mno, kwa macho havionekani. Beringi inaingia, gurudumu linafungwa, gari linatembezwa mtaa mmoja na liko kimya. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka. Wiki kadhaa baadaye, au baada ya safari mbili tatu za Segera, kila gololi inayopita juu ya kishimo imekwisha kumega kipande kidogo cha chuma, chuma kimeingia kwenye grisi, na mngurumo umerudi. Mteja anarudi amekasirika, fundi anaitazama beringi na kusema imekuwa feki, na wote wawili wanakwenda kumlaumu mwenye duka la spea.

Huo ucheleweshaji ndio mzizi wa tatizo lote, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Fundi anayekaza bolti ya injini kupita kiasi hukatikiwa na bolti palepale, akajifunza. Anayefunga bomba la mafuta vibaya huona tone likidondoka kabla mteja hajaondoka. Anayegonga beringi kwa nyundo haadhibiwi siku hiyo, na adhabu inapokuja humfikia kwa sura ya mtu mwingine. Anaweza kufanya kazi hiyo miaka kumi akiamini kwa dhati kabisa kwamba ni hodari, na kwamba nchi imejaa beringi mbovu. Kijana anayejifunza chini yake anarithi nyundo pamoja na imani hiyo. Ujuzi wa mtaani hukua pale kosa linapojionyesha. Hapa kosa limejificha, kwa hiyo ujuzi umesimama.

Zana ya kujitengenezea inavunja mduara huo, na ndiyo maana naitetea kwa nguvu. Chukua Subaru Forester za vizazi vya mwanzo, ambazo beringi yake ya nyuma imebanwa ndani ya nyumba ya chuma na haitoki kwa kufungua bolti tu. Fundi anayejua kazi yake huondoa nati ya ekseli, huchomoa habu, hutoa pete ya chuma inayoizuia beringi isitoke, kisha hupitisha bolti ndefu katikati ya tundu. Upande mmoja anaweka kipande cha bomba pana kuliko beringi, ambacho kinaegemea nyumba yenyewe. Upande wa pili anaweka duara la chuma dogo kidogo kuliko tundu, linalokaa sawasawa juu ya pete ya nje. Anapaka grisi kwenye nyuzi za bolti, anaanza kukaza nati taratibu, na beringi ya zamani inavutwa kuelekea kwenye lile bomba pana hadi inaangukia ndani yake. Mpya inaingia kwa njia hiyohiyo ikigeuzwa. Duara la kusukumia hulipata bila gharama: ni pete ya nje ya beringi iliyokufa, iliyosagwa ukingo wake kwa grainda kidogo na kupasuliwa mfereji mmoja ili isije ikanasa pamoja na beringi mpya. Beringi mfu inaiingiza beringi hai, na vipimo vyake ni vilevile kwa sababu imetoka kwenye tundu lilelile.

Ubora wa zana hii hauko kwenye bei nafuu peke yake. Mkono unaokaza nati unahisi. Beringi ikianza kuingia upande, spana inakuwa nzito ghafla kabla haijafika mbali, na fundi anaweza kulegeza, kunyoosha, kuanza upya. Nyundo haina hisia hiyo, na hata presi kubwa ya jeki ya maji, kwa nguvu zake nyingi, huweza kuingiza beringi iliyopinda bila mpiga jeki kugundua mpaka chuma kilie. Halafu kuna utulivu wa nguvu yenyewe. Bolti ya milimita 16 yenye muhuri wa 8.8 kichwani inaweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia tani 9 kabla haijaanza kurefuka, na nguvu hiyo yote inakwenda kwa mstari mmoja ulionyooka. Hapa lazima nionye, kwa sababu makosa mengi yanaanzia dukani: fito ya nyuzi inayouzwa kwa mita bila muhuri wowote aghalabu ni chuma laini, na kwa unene huohuo uwezo wake unaweza kuwa tani 3 na nusu tu. Ikizidiwa nyuzi zake hulika, au hukatika ghafla mtu akiwa ameikaribia kwa uso. Ile namba iliyopigwa kwenye kichwa cha bolti ni ahadi ya kiwanda, na anayejitengenezea zana aisome kabla ya kutoa hela yake.

Wapo watakaosema kwamba watengenezaji wa magari wana zana zao maalumu na sisi hatuna budi kuzifuata. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinazitaja kweli, kila moja na namba yake inayoanza na 09. Lakini zifungue kwenye sanduku uzitazame. Utakuta bolti ndefu, mabamba, mirija ya vipimo mbalimbali na vikombe vya chuma. Zimetengenezwa kwa chuma bora na zimekerezwa vizuri, nakubali bila ubishi. Kanuni yake ndiyo hiyohiyo iliyo mkononi mwa fundi wa Ngamiani. Mkereza vyuma mwenye mashine yake anaweza kumtengenezea mirija mitano ya vipimo vinavyofaa magari yanayopatikana zaidi hapa, na fundi akakaa nayo maisha yake yote.

Na kama kuna mji usiopaswa kuona haya kwa zana za kujitengenezea, ni huu. Mwaka 1893 ndio uliomleta Richard Hindorf na miche ya mkonge kule Kikogwe, Pangani, na ndio mwaka ambao reli ya kuelekea bara ilianza kujengwa kutoka hapa. Mkonge ulikuja na mashine za korona za kuchakata majani, mitambo mizito inayozunguka kutwa nzima katika maji, majimaji ya mkonge yenye tindikali, na takataka. Beringi zake zilikuwa zikifa mbali na kiwanda chochote cha Ulaya, na watu wa karakana za mashamba ndio walioifufua mitambo hiyo kwa walichokuwa nacho. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipokosa fedha za kigeni na rafu za spea zikabaki tupu mpaka masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, magari yaliyotembea yalitembezwa na ubunifu wa aina hiyo. Majirani zetu wana historia inayofanana: Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha 1977, aliwaeleza mafundi wa Nairobi waliojitengenezea hadi mashine zao wenyewe, na baadaye serikali ya Kenya ikalitambua tabaka hilo la jua kali katika sera ya mwaka 1992. Hakuna aliyewaambia watu hao wasubiri zana ziletwe na meli.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na haliwezi kujibiwa kwa historia. Beringi ikifa kabisa gurudumu huyumba, breki huharibika, na mwisho wake gurudumu linaweza kuachana na gari. Katika barabara ya Segera yenye malori na mabasi, hilo ni suala la roho za watu. Ni kweli. Ila tujiulize hatari inaingilia wapi. Inaingia kwa beringi iliyogongwa, kwa nati iliyokazwa kwa kukisia, kwa uchafu uliofungiwa ndani, na kwa gari linaloendelea kutembea likinguruma kwa sababu mwenyewe ameambiwa gharama asiyoiweza. Hili la mwisho lina uzito mkubwa Tanga kuliko linavyodhaniwa. Mtu wa Maramba, wa Amani au wa Kilindi anayeambiwa alivute gari hadi mjini kwa ajili ya beringi moja hatalivuta. Ataongeza sauti ya redio. Kumkataza asitumie zana ya kujitengenezea hakumleti kwenye gereji bora. Kunamwacha barabarani na beringi mbovu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari linaloingia barabarani liwe zima, na uzima huo unapimwa kwenye gurudumu lenyewe.

Kuhusu nati iliyokazwa kwa kukisia, ambayo mimi naiona hatari kuliko hata nyundo, kuna jibu ambalo kila ua wa Tanga unalo. Zipo Toyota nyingi ndogo ambazo nati ya ekseli, kwenye gurudumu linaloendeshwa na injini, inatakiwa ikazwe kwa nyutoni-mita 216. Spana ya kupimia mkazo ni ghali na si kila fundi anayo, kwa hiyo kazi hufanywa kwa bomba refu na kijana mmoja anayeruka juu yake. Kijana wa kilo 60 akisimama tu mwisho wa bomba la mita moja anatoa karibu nyutoni-mita 590, karibu mara tatu ya kinachotakiwa, na akiruka hakuna anayejua ametoa ngapi. Sasa chukua dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji peke yake ni kilo 20. Litundike mita moja kutoka katikati ya nati, bomba likiwa limelala sawa na ardhi, ongeza uzito wa dumu lenyewe na sehemu ya uzito wa bomba, na utapata nyutoni-mita 210 hivi. Nati ikisimama hapo bila kuzunguka tena, imekazwa. Kwa bolti ndogo hesabu ni ileile, unapunguza maji au unasogeza dumu karibu. Kipimo cha gari lako kinatoka kwenye kitabu cha gari lako, hakikopwi kwa jirani. Nati yenyewe iwe mpya pale kitabu kinapotaka, na ukingo wake ugongwe uingie kwenye mfereji wa ekseli ili isilegee. Hiyo ni sehemu pekee ya kazi hii ambapo nyundo ina haki yake.

Lipo pia la jeki. Watu wanaumizwa na magari yaliyoanguka, na uani hatari hiyo ni kubwa kwa sababu ardhi yetu ya pwani ni mchanga. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia kufanywe na magogo mazito yaliyopangwa kwa kukatizana chini ya mwili wa gari, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe mbele na nyuma. Tofali la saruji lisitumike kabisa, linapasuka bila kutoa dalili. Bamba la chuma au ubao mpana uwekwe chini ya jeki isizame. Asiyeweza kuyatimiza haya asiianze kazi, na sioni haya kumwambia hivyo.

Tena, mipaka ipo, na mtetezi wa zana za mtaani asipoitaja anaiharibu hoja yake mwenyewe. Hiace na magari mengine yenye difu nyuma ni habari nyingine. Beringi yake imeshikiliwa kwenye shafti kwa pete iliyobanwa kwa nguvu nyingi sana, na pete hiyo ndiyo inayozuia shafti pamoja na gurudumu zisitoke nje. Bolti ya uani haiwezi kuiingiza kwa uhakika, na kuipasha kwa moto wa gesi ili iingie kirahisi ni kucheza na abiria. Chuma cha beringi hakipaswi kupita nyuzi joto 120 au karibu na hapo. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimekwisha kufika nyuzi 300 hivi na ugumu wake umeondoka. Kazi ya Hiace ipelekwe kwenye presi, kwa mtu mwenye mazoea nayo, na gari la abiria likaguliwe na jicho la pili kabla halijarudi barabarani. Hapo sina mjadala.

Upande wa pili wa mzani yapo magari ambayo kazi yake imekuwa nyepesi kuliko zamani. IST, Vitz na nduguze zinazovutwa kwa magurudumu ya mbele zina habu ya nyuma iliyoungana na beringi yake, inafungwa kwa bolti nne tu. Hakuna kubana, hakuna presi. Wanaosema magari ya kisasa yamemshinda fundi wa kawaida wanasahau hili. Adui wa kazi hiyo hapa kwetu ni chumvi. Hewa ya bahari, maji ya masika yanayofurika mitaani, na magari yanayoshushwa mpaka ufukweni huigandisha habu kwenye kiti chake hata bolti zote nne zikiwa zimetoka. Mwenye nyundo hupiga tako la habu mpaka linapinda, na mara nyingi hukata waya wa kihisi cha ABS ambao hakuuona. Mwenye subira huchukua bolti mbili fupi, kila moja na nati yake, akaziweka katikati ya ekseli na tako la habu, moja kila upande, kisha akazizungusha nati zipande kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Habu inatoka ikilia, lakini inatoka nzima. Kiti kikwanguliwe kutu kwa brashi ya waya na msasa, kifutwe, kipakwe grisi nyembamba. Na beringi mpya isitolewe kwenye pakiti mpaka kila kitu kimekauka na kitambaa safi kimetandikwa, maana chembe moja ya mchanga wa Raskazone ikiingia ndani inafanya kazi ya nyundo, polepole.

Je, na beringi feki? Zipo, na siwezi kuwaondolea lawama wanaoziingiza. Ila tukubali kwamba neno hilo limekuwa kichaka cha kujifichia. Namba iliyochongwa kwenye beringi ni lugha ya dunia nzima: 6205 ya kampuni yoyote ina tundu la milimita 25, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 huzidishwa kwa tano. Mnunuzi anayeijua namba yake haondoki na kitu cha kufananisha. SKF wana programu ya simu ya kutumia picha kuomba uhakiki wa bidhaa yao, na duka linalokataza bidhaa yake isipigwe picha limekwisha kujieleza. Baada ya hapo, kabla hatujalaani dukani, tuikate beringi iliyokufa tuitazame njia yake. Vishimo vilivyopangana kwa umbali sawa na nafasi za gololi ni alama ya kugongwa. Kutu yenye rangi ya kahawia ni maji yaliyopita kwenye sili. Njia iliyomomonyoka upande mmoja tu ni beringi iliyoingia imepinda. Beringi mfu inatoa ushahidi, na huo ndio ukaguzi ambao mteja na fundi wangefanya pamoja badala ya kugombana.

Nimeisikia pia hofu kwamba mwenye gari akijifunza kazi hii uani, fundi atakosa riziki. Sidhani. Wengi wetu hatutapenda kujipaka grisi siku ya mapumziko, na hata tungependa, hatuna nguvu wala nafasi. Anayeijua kazi lakini haifanyi ndiye mteja bora kuliko wote. Anajua kuuliza: utaiingiza kwa zana gani? Utakaza kwa kipimo gani? Naweza kuiona beringi ya zamani? Fundi mwaminifu maswali hayo yanampa bei, kwa kuwa yanamtenganisha na yule anayegonga. Leo wote wawili wanalipwa sawa, na mwenye nyundo anamaliza haraka, kwa hiyo soko linamlipa yeye vizuri zaidi kwa saa. Mteja asiyejua ndiye anayemnyima riziki fundi mzuri.

Kwa hiyo maombi yangu yanaelekea kwa taasisi zilizopo tayari. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ina ofisi Tanga. Iwape wakereza vyuma wa hapa michoro ya seti moja ya mirija na mabamba kwa magari yanayoonekana zaidi barabarani kwetu, pamoja na bolti za muhuri unaojulikana, seti iuzwe kwa mafundi kwa mkopo mdogo, na kila kipande kipigwe alama ya aliyekikereza ili kikishindwa ajulikane. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Kwenye mtihani wa fundi magari anayekuja kurasimishwa iwekwe nyumba moja ya beringi, beringi moja mpya, na zana zake mwenyewe alizotoka nazo gereji. Aiingize mbele ya msimamizi. Kisha itolewe, ikatwe, na njia ya gololi itazamwe kwa kioo cha kukuzia pale mezani, fundi mwenyewe akiwa wa kwanza kutazama. Wengi wao itakuwa mara yao ya kwanza kukiona kile kishimo.